Toleo la Marehemu

Saa sita ilipokaribia, wagonjwa wote kwenye benchi walinyamaza kwa pamoja.

Inspekta Dafrosa Kalunde wa kitengo cha makosa ya mtandao alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati moja nje kidogo ya Isikizya. Aliitwa na muuguzi aje kusikia mwenyewe, saa sita mchana, na hakuelezwa zaidi ya hapo. Jua lilikuwa limepauka kwa moshi wa mashamba yanayochomwa. Mbele ya zahanati ilipita njia ya zamani ya misafara, ile iliyowapeleka wapagazi na pembe zao pwani, na mchana huo ilikuwa tupu mpaka macho yalipoishia. Hata kuku walikuwa wamejificha.

Kisha simu moja ililia. Ikafuata nyingine, na nyingine, ndani ya pochi, mfukoni mwa koti, chini ya kanga. Hakuna aliyekimbilia kupokea. Mwanamke mmoja aliitumbukiza ya kwake ndani ya kapu, akaifunika kwa majani ya maboga.

"Pokea, mdogo wangu," Dafrosa alimwambia msichana aliyekaa karibu na mlango. "Weka sauti ya juu."

Msichana huyo, Nyamizi, alikuwa amekonda mpaka mifupa ya mabega imechomoza. Alibonyeza. Kwanza ilisikika pumzi: mtu akivuta hewa taratibu, kama anayejiandaa kusema jambo zito. Halafu ikaja sauti ya mwanamume, pole na ya karibu sana.

"Habari za mchana. Leo ni Jumanne. Umemaliza dozi yako yote. Hongera. Huna haja ya kunywa dawa tena."

Simu nyingine zilipokelewa moja baada ya nyingine. Sauti ile ile ikawa inaanza hapa ikimalizikia pale, na kila mara ilitanguliwa na ile pumzi. Mmoja aliambiwa amebakiza siku nne, mwingine tisa. Kisha zikakatika, na upepo ukasikika tena juu ya bati.

"Alianza kukuambia lini kwamba umemaliza?" Dafrosa aliuliza.

"Mwezi uliopita, afande. Anarudia kila siku. Nikaacha dawa." Nyamizi alikohoa ndani ya leso, akaitazama, akaikunja haraka. "Sasa natema damu."

Muuguzi, Levina, alileta kadi ya Nyamizi ya kliniki. Dozi ya kifua kikuu ni miezi sita. Kadi ilionyesha minne.

"Kwa nini hukumtafuta?"

"Jina lake liliondoka kwenye kompyuta, afande. Mfumo wa simu za kukumbusha dawa ndio unaonipa majina ya kufuatilia. Mtu akimaliza, jina linatoka. Nikamshukuru Mungu, nikajua kapona." Levina alishusha sauti. "Wapo wengine. Huko Choma kulikuwa na mzee akiitwa Nkwabi. Aliacha dawa kwa kuambiwa hivihivi. Wamemzika."

"Na huyu anayeongea ni nani? Mnamfahamu?"

Levina alitazama barabarani kabla ya kujibu.

"Anaitwa Dionis Mahela. Ndiye aliyetengeneza huo mfumo, na ndiye aliyerekodi sauti. Alikuwa anakuja hapa na pikipiki kutufundisha."

"Yuko wapi sasa?"

"Tulimzika mwaka jana, afande. Kwao Ntalikwa."

Dafrosa alitoa simu, akaipigia kampuni yenye mfumo. Alipopokelewa alisema maneno machache tu: "Zimeni. Sasa hivi. Msifute kitu."

*

Kampuni ya Kumbusha ilikuwa mjini Tabora, juu ya duka la vitambaa. Kesho yake Dafrosa alipanda ngazi pamoja na Koplo Nassibu, msaidizi wake, mtu wa mjini aliyezaliwa katika familia ya wafanyabiashara wa tangu enzi za misafara. Walipokelewa na mkurugenzi, Leodgar Msuka, mwanamume mnene mwenye sauti ya kanisani. Yeye na Dionis ndio walioanzisha kampuni.

"Dionis alikuwa ndugu yangu," alisema kabla hajaulizwa. "Nilimzika kwa mikono hii. Kusikia jina lake kwenye jambo kama hili..." Alivua miwani, akafuta macho.

Nyuma yake ukutani palikuwa na chati kubwa iliyopambwa kwa utepe. Mstari wa wagonjwa waliomaliza dozi ulikuwa ukienda sambamba na sakafu kwa muda mrefu, halafu mwishoni ukapanda ghafla kama kichuguu. Dafrosa aliufuata kwa macho.

Mhandisi wa kampuni, Najiat, alikuwa ameshafungua kompyuta. Alivaa hijabu nyeusi, na vidole vyake havikutulia.

"Tatizo si kazi yetu, afande. Humu ndani kila mstari wa programu unaoandikwa lazima usomwe na mtu wa pili kabla haujaenda kwenye seva. Aliyeandika hawezi kujipitisha. Hata bosi nikimkatalia, haendi."

"Ni kweli," alisema Leodgar. "Ananikatalia sana."

"Basi sumu imeingilia wapi?"

"Kwenye vifurushi." Najiat aligeuza kiti. "Hakuna anayeandika programu yote peke yake. Vipande vingi tunavichukua kwenye ghala la umma mtandaoni, ambako watu wa dunia nzima wanaweka kazi zao bure. Kipande kimoja ndicho kifurushi. Sasa kuna programu inaitwa meneja wa vifurushi. Kazi yake ni kwenda ghalani na kutuletea. Kila wiki inauliza: kuna toleo jipya? Likiwepo, inalibeba na kulipachika mahali pa lile la zamani."

"Inalifungua kwanza?"

"Hapana. Inatazama jina na namba ya toleo. Imeishia hapo."

"Kama mnyapara wa msafara," alisema Nassibu. "Anaangalia alama ya tajiri juu ya mzigo, anaupitisha. Wazee wetu walikuwa wakisema, mzigo umefungwa Bagamoyo ni shanga, unafunguliwa Ujiji ni kokoto. Na alama iko vilevile."

"Ndivyo hasa," Najiat alisema. "Sisi mlango wa mbele tumeuwekea mlinzi. Mzigo wa ghalani ukawa unapita uani."

Kifurushi chenyewe kiliitwa *tamka*. Dionis alikitengeneza kihesabu siku za dawa na kuzitamka kwa sauti yake, akakiweka ghalani ili hata wengine wakitumie. Baada ya kifo chake kilibaki vilevile, hakuna aliyekigusa. Halafu, mwezi wa pili wa kiangazi hiki, likatoka toleo jipya.

"Limetolewa na nani?"

Najiat aligeuza kioo cha kompyuta ili Dafrosa asome mwenyewe. Chini ya namba ya toleo paliandikwa: *Dionis Mahela*. Pembeni palikuwa na picha ndogo ya mwanamume anayecheka, akiwa amevaa miwani.

Chini, dukani, mtu alikuwa akipasua kitambaa.

"Niliwaandikia wasimamizi wa ghala," Najiat aliendelea. "Wanasema hakuna mlango uliovunjwa. Aliingia kama mwenyewe. Aliomba kubadilisha neno la siri, akatumiwa barua pepe, akaijibu. Akaombwa namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu yake. Akaitoa."

"Marehemu."

"Marehemu, afande."

"Barua pepe alizipokeaje?"

"Anwani yake ilikuwa kwenye jina lake mwenyewe la mtandaoni, lile linalofuata alama ya @. Jina kama hilo linalipiwa kila mwaka. Alipokufa hakuna aliyelipia, likarudi sokoni. Mtu amelinunua, na amejificha nyuma ya wakala. Tangu siku hiyo, kila barua anayoandikiwa Dionis inamfikia yeye. Ila namba ya simu inanishinda. Hiyo inahitaji laini ya Dionis yenyewe."

Leodgar alikohoa. "Sipendi kusema mabaya ya watu wa msiba. Lakini vitu vya marehemu anavyo mdogo wake, Benjamini. Kompyuta, simu, kila kitu. Walikuwa hawaelewani. Kama si yeye, basi ni wadukuzi wa nje."

"Na hilo toleo jipya limefanya nini? Limeiba majina? Limefunga kompyuta?"

"Hakuna," alisema Najiat. "Hilo ndilo linalonitisha. Mstari mmoja tu ndio umebadilishwa. Kila siku mbili zinazopita, linahesabu tatu."

Dafrosa alisimama. Mlangoni aligeuka.

"Bwana Leodgar, tafadhali usitoke mjini. Nitakuhitaji kwa ushauri."

Walipofika kwenye gari, Nassibu aliuliza: "Tunaanza na Benjamini, afande?"

"Tunaanza naye. Lakini niambie, Nassibu: mwizi akipata ufunguo wa ghala zima, akaingia, akaacha vyote, akasogeza mbele mishale ya saa ukutani, huyo ni mwizi wa namna gani?"

*

Benjamini Mahela walimkuta Ntalikwa, akipalilia bustani nyuma ya nyumba. Hakubisha. Aliingia stoo, akatoka na kompyuta ya marehemu ndani ya gunia. Dafrosa alipoifunua, udongo mwekundu ulimwagika miguuni pake. Mchwa walikuwa wamejenga ndani yake, wametokeza kati ya herufi.

"Iko hivyo tangu masika," alisema Benjamini. "Tuligombana na kaka kwa ajili ya shamba, sikatai. Lakini mimi na mashine hizi wapi na wapi?"

"Na simu yake?"

"Hiyo muulize shemeji. Hajaiachia hata siku moja."

Apolinaria, mjane wa Dionis, alikuwa ndani. Chumba kilikuwa na giza ingawa nje palikuwa peupe. Pazia lilikuwa limeshushwa. Simu ya mumewe ilikuwa mezani chini ya picha ya Bikira Maria, imechomekwa kwenye chaji.

"Pole kwa yote, mama Yustina," alisema Dafrosa akikaa. "Laini hii bado inafanya kazi?"

"Naiwekea salio."

"Kwa nini?"

Apolinaria alikuwa akiitazama ile simu jinsi mtu anavyomtazama mbwa asiyemjua.

"Jana nilikuwa Isikizya," Dafrosa alisema. "Nimeisikia sauti ya baba Yustina. Inawaambia wagonjwa waache dawa. Mzee mmoja amekufa."

"Najua. Habari imefika hapa. Watu kanisani hawakai tena benchi langu."

"Basi nisaidie."

Nassibu, aliyesimama mlangoni, alisogea nje bila kuambiwa.

"Nilikuwa namwandikia," mwishowe Apolinaria alisema. "Baada ya misa, Jumapili. Kwenye barua pepe yake, kama zamani alipokuwa safarini. Namwambia habari za Yustina, za mvua. Nilijua hazisomwi. Ilikuwa tu ya kunipa usingizi. Halafu akajibu."

Alifungua simu yake mwenyewe, akampa Dafrosa. Barua ilikuwa fupi.

*Mama Yustina, nimekusikia. Huku nimepoa, usilie. Ahsante kwa miwani.*

Dafrosa aliisoma tena.

"Miwani gani?"

"Ya kwake." Sasa Apolinaria alikuwa akinong'ona. "Siku ya mazishi, kabla jeneza halijashuka, niliitupia kaburini. Nilisema ataonaje huko bila miwani. Sikumwambia mtu, afande. Wala padri. Wala mwanangu. Sasa nani mwingine angejua?"

"Na baada ya hapo?"

"Akaniambia kwenye simu yake zitatokea namba sita, nimwandikie. Akasema mlango haufunguki bila hizo." Aliziba uso kwa viganja. "Nikadhani amezuiliwa mahali. Nikampa."

Dafrosa alisubiri mpaka pumzi ya mwanamke ikatulia.

"Mama, nisikilize vizuri. Maiti yuko ndani ya jeneza, na jeneza limefungwa misumari. Aliyejua habari ya miwani si aliyelala. Ni aliyesimama. Uliitupaje? Kwa mkono mtupu?"

"Hapana. Niliifunga kwenye leso."

"Benjamini alikuwa wapi?"

"Upande wa pili, ameshika kamba. Asingeweza kuona, vumbi lilikuwa limejaa."

"Na aliyekuwa karibu nawe?"

"Alinishika mkono nisianguke. Leso yenyewe alinipa yeye." Apolinaria aliinua uso polepole. "Mwenzake wa kampuni. Leodgar."

*

Dafrosa alirudi mjini peke yake. Alimwacha Nassibu kwa mjane, na walikuwa wamekubaliana jambo dogo: yeye akibipu, Apolinaria aandike.

Leodgar alikuwa ofisini na Najiat. Simu yake ilikuwa juu ya meza, uso juu.

"Nimeona kompyuta," Dafrosa alisema akivuta kiti. "Imeliwa na mchwa. Benjamini si mtu wetu."

"Basi ni hao wa nje," alisema Leodgar.

"Nilifikiri hivyo. Lakini mtu wa nje angeiba. Angeuza majina ya wagonjwa, au angefunga mfumo adai fidia. Huyu alikuwa na funguo za kila kitu, akachukua siku tu. Nikajiuliza, nani hufaidika mgonjwa akimaliza dozi mapema? Si mgonjwa." Alitazama chati ukutani. "Wafadhili wanahesabu waliomaliza, sivyo? Na mkataba wenu unafanyiwa tathmini mwaka huu."

Najiat aliacha kuandika.

"Afande, hiyo ni dhana tu," alisema Leodgar.

"Ni dhana. Mtu wa nje asingehitaji kupita uani, maana mlango wa mbele haujui. Aliyepita uani ni anayejua kwamba mbele yuko Najiat, na kwamba Najiat hapitishi uongo." Mkono wa Dafrosa ulikuwa mfukoni. Kidole chake kilibonyeza mara moja.

Wakakaa. Feni ilizunguka. Leodgar alifungua mdomo kusema kitu, na hapo simu yake ikatetemeka juu ya meza, ikasogea kidogo, kioo kikawaka. Wote watatu waliweza kusoma.

*Apolinaria: Baba Yustina, namba zimetokea tena. Nikuandikie?*

Najiat alisema "Ya Rabi" kwa sauti ndogo, akasukuma kiti chake nyuma mpaka kikagonga ukuta.

Leodgar hakuigusa simu.

"Miezi ya mwisho wengi wanakuwa wameshapona," alisema hatimaye, akiiambia meza. "Kikohozi kinakuwa kimeisha. Nilitaka kufupisha kidogo, tupite tathmini, halafu nirudishe. Mkataba ungekufa, na mfumo mzima ungekufa. Ningemsaidia nani?"

"Mzee Nkwabi alikuwa amepona?"

Leodgar alivua miwani, akaiweka kando ya simu.

"Na yule mwanamke? Kumjibu kwa jina la mumewe?"

"Barua zake zilikuwa zinakuja tu," Leodgar alisema. "Nilinunua jina kwa ajili ya akaunti. Sikujua kama kuna mtu anamwandikia. Kila Jumapili simu inatetemeka." Kwa mara ya kwanza alionekana kuogopa kweli. "Sikuweza kuacha kuzisoma."

Dafrosa aliichukua simu kwa kitambaa, akaitia ndani ya mfuko wa ushahidi, na kuwaita askari waliokuwa chini.

Leodgar alipoondolewa, Najiat alibaki amekaa mbele ya kompyuta bila kuigusa.

"Ungeweza kuzuia?" Dafrosa aliuliza. Hakuuliza kwa kulaumu.

"Ningeweza. Ndiyo maana naumia. Kila toleo lina alama yake, kama alama ya kidole. Ikibadilika herufi moja ndani, alama inabadilika yote. Ningeandika kwamba tunataka toleo lenye alama hii tu, meneja wa vifurushi angekataa jingine lolote, hata likija na jina la malaika. Na toleo jipya lingekaa kando wiki kadhaa, lisomwe na watu wawili kama tunavyosoma kazi yetu." Alivuta kibodi. "Ghala nalo lina kosa. Jina la anwani likibadilisha mwenyewe, akaunti ilipaswa kufungwa hapohapo. Na mtu akifa, kifurushi chake kikabidhiwe mwingine mbele ya mashahidi. Nimewaandikia. Wameliondoa toleo lile ghalani, maana si sisi tu tuliokuwa tunalitumia."

"Na wagonjwa?"

"Nimemwomba Levina na wauguzi wenzake. Wanapiga simu wenyewe, kwa kadi za kliniki." Alisita. "Wengi hawapokei, afande. Ikilia wanaikimbia."

"Basi tutawafuata majumbani. Nitatoa gari. Anza na Nyamizi, halafu Choma."

*

Jioni, kabla jua halijazama, Dafrosa alirudi Ntalikwa. Angeweza kumtuma Nassibu, lakini aliona si haki.

Apolinaria alikuwa ameketi kizingitini. Alisikiliza yote bila kumkatiza: jina lililonunuliwa, namba sita, hesabu ya siku. Alipotajiwa Leodgar alifumba macho, akayafumbua.

"Alizisoma zote?"

"Zote, mama."

"Hata ile ya wakati Yustina anaumwa?"

"Nadhani hata hiyo. Samahani."

Mwanamke alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua.

"Na lile neno la 'huku nimepoa, usilie'. Nalo ni la Leodgar?"

"Ni lake."

"Basi Dionis hajanijibu hata mara moja."

Dafrosa alitafuta namna ya kulainisha, hakuipata. "Hajajibu, mama Yustina."

Alijiandaa kwa kilio. Badala yake Apolinaria alishusha pumzi ndefu, mabega yakalegea, na machozi yaliyomtoka yalikuwa ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Afadhali," alisema. "Tangu alipokufa yule mzee wa Choma, nilikuwa najua ni mimi niliyemfungulia mlango. Nilikuwa nimeanza kumwogopa mume wangu."